Uuguzi Nyuma ya Lango la Gereza: Mwongozo kwa Wauguzi wa Malindi na Lamu

Mwongozo huu ni wa muuguzi aliyepokea barua ya kupelekwa zahanati ya gereza, iwe hapa Malindi au kule Hindi, Lamu bara. Ni wa yule wa wodi ya dharura pia, anayeletewa mgonjwa mwenye pingu usiku wa manane akipiga kelele. Kazi ni moja katika sehemu zote mbili: mtu amechanganyikiwa, hana ruhusa ya kuondoka, na waliomleta wameshachoka naye.

Tangu siku ya kwanza utaambiwa: "Sista, huyo anajifanya." Askari atakwambia, wafungwa wenzake watakwambia, na hata sisi watu wa afya tunaambiana. Wapo wanaojifanya, sikatai. Lakini hukumu hiyo haitolewi kabla mwili haujapimwa. Sukari iliyoshuka, malaria iliyopanda kichwani, pombe iliyokatika ghafla, pigo la kichwa la siku ya kukamatwa: yote haya huonekana kama wazimu au ukaidi, na yote huua. Hatua zote zilizo hapa chini zinaanzia hapo.

Kabla ya kuingia

Leseni yako ya Baraza la Wauguzi iwe hai. Kisha soma sheria chache, kwa sababu siku ya vurugu hutakuwa na muda wa kuzitafuta. Kifungu cha 51 cha Katiba ya 2010 kinasema aliyefungwa hubaki na haki zake zote isipokuwa zile tu ambazo haziwezekani kwa sababu ya kule kufungwa. Matibabu hayamo katika zilizoondolewa. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinafafanua zaidi. Kanuni ya 24 inadai mfungwa atibiwe kwa kiwango kile kile anachopata raia wa nje. Ya 32 inalinda siri ya mgonjwa. Ya 46 nakusihi uijue kwa moyo: mhudumu wa afya hashiriki kutoa adhabu, ila anapaswa kumtembelea kila siku mtu aliyetengwa na kusema wazi iwapo kutengwa kunamdhuru. Ukiletewa karatasi utie sahihi kwamba fulani "anafaa" kuwekwa seli ya peke yake kama adhabu, jibu lako ni kwamba hiyo si kazi ya muuguzi. Sema kwa heshima, "Afande, mimi nitamwona kila asubuhi na nitaandika nilichokiona, lakini adhabu haipiti mkononi mwangu." Na kutengwa zaidi ya siku 15 mfululizo kumekatazwa na kanuni hizo hizo kwa mtu yeyote.

Mwombe mkuu wa gereza mkutano mfupi wiki ya kwanza. Usiende na malalamiko, nenda na maswali. Nani ana ufunguo wa seli usiku, na inachukua dakika ngapi kufunguliwa? Gari lipi litabeba mgonjwa, na dereva analala wapi? Nani anaweza kuidhinisha rufaa wakati mkuu hayupo? Majibu yaandikwe kwenye karatasi moja ibandikwe ukutani zahanati. Nimeona dakika nyingi zikipotea nje ya mlango wa seli kwa sababu aliyekuwa zamu hakujua amtafute nani, na ndani mtu ana degedege.

Mfuko wa dharura uwe mmoja, ujulikane ulipo. Ndani mwake: kipimo cha sukari na vijiti vyake, kipimajoto, kipimo cha presha, kipimo cha haraka cha malaria, glukosi ya mshipa, thiamini, naloksoni ya kuzindua aliyezidiwa na heroini, haloperidoli na prometazini za kumtuliza aliyechafuka, diazepamu, glavu, na kisu cha kukatia kamba chenye ncha butu. Hesabu kila kitu ukiingia, hesabu tena ukitoka, uandike. Sindano moja ikipotea blokini, ni hatari kwa mwili wa mtu na ni mwisho wa imani ya askari kwako.

Jambo jingine ni dogo kulitaja lakini limewaponza wengi. Usibebe barua, simu, pesa wala salamu za mtu, hata zikionekana za huruma. Usimuulize mgonjwa kosa lake. Ukishalijua litakuingia mikononi bila wewe kutaka.

Langoni: kazi kubwa iko hapa

Kama una nguvu za kufanya jambo moja tu vizuri, fanya uchunguzi wa mgeni siku anayoingia. Kanuni ya 30 inautaka ufanywe mapema iwezekanavyo. Mimi nasema ufanywe kabla hajalala usiku wa kwanza.

Fuata hesabu hii. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na saa hizo zikiishia siku isiyo ya kazi, afikishwe siku ya kazi inayofuata. Basi mtu aliyekamatwa Ijumaa usiku atasimama mbele ya hakimu Jumatatu, na akikosa dhamana ataletwa rumande Jumatatu jioni. Zimepita karibu saa 72 tangu anywe mnazi au chang'aa yake ya mwisho, au avute unga wake wa mwisho. Kuweweseka kwa aliyeacha pombe ghafla hutokea kati ya saa 48 na 96. Arosto ya heroini, yaani mateso ya kuikosa, hufikia kilele kati ya saa 36 na 72. Kwa hiyo gari la mahabusu la Jumatatu jioni limebeba watu walio katika saa zao mbaya kabisa, na ndiyo saa ambayo zahanati nyingi zinafungwa. Panga zamu yako uwepo.

Mahali pa kumhoji pawe na pazia au mlango. Askari akuone lakini asisikie. Ukikataliwa faragha kabisa, zungumza kwa sauti ya chini, mgonjwa akae mgongo kwa askari, na uandike kwenye faili kwamba faragha haikupatikana.

Mwite kwa heshima ya umri wake: mzee, mama, kaka, dada. Anza na mwili. Pima joto, mapigo, presha, pumzi, sukari. Angalia kichwa chote kwa vidole, siyo macho tu, maana nywele huficha uvimbe. Kila jeraha liandike lilipo, ukubwa wake na rangi yake, na maneno ya mgonjwa mwenyewe kuhusu alivyolipata. Rekodi hiyo inaweza kuhitajika mahakamani, na hutaweza kuiandika upya wiki mbili baadaye. Uliza maswali manne ya kifua kikuu: unakohoa, una homa, unatokwa jasho usiku, umepungua mwili? Ndiyo moja tu inatosha kumtenga na msongamano wa seli mpaka makohozi yapimwe. Mwanamke umuulize kuhusu ujauzito na umpime akikubali.

Halafu akili. Usiulize "una wazimu?" wala "una ugonjwa wa akili?" Wengi watakataa. Uliza kama amewahi kulazwa hospitali za akili za Port Reitz au Mathari, kama anachomwa sindano ya mwezi, kama kuna vidonge anavyomeza ili alale. Hapa Pwani watu wengi wenye maradhi makali ya akili wanaendelea vizuri kwa sindano hiyo ya mwezi, na kukamatwa kunaivuruga ratiba. Ukikosa kujua Jumatatu, utajua baada ya wiki kadhaa akiwa amevua nguo uani. Pata namba ya jamaa yake, umpigie mbele yake, uulize kadi ya kliniki iko wapi.

Mwisho, swali la kujiua. Nitalirudia huko mbele.

Mnazi na arosto

Hizi mbili hazifanani, na mara nyingi huchanganywa.

Aliyekata pombe anaweza kufa. Mikono inatetemeka, jasho linamwagika, mapigo yanapanda juu ya 100, hapati usingizi. Degedege huja ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha kuweweseka: anaona wadudu ukutani, anaongea na watu wasiokuwepo, hajui yuko wapi. Askari wataona kichaa. Dawa yake ni diazepamu kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku kwa agizo la daktari au afisa wa kliniki, thiamini, maji, na mwanga kidogo usiku. Haloperidoli peke yake si dawa ya hali hii, kwa sababu hurahisisha degedege kutokea. Sukari ikiwa chini mpe glukosi mara moja, na thiamini iende pamoja nayo.

Aliyekata unga huteseka sana, lakini mateso yenyewe kwa kawaida hayamwui mtu mzima mwenye afya. Kinachomwua ni kukauka maji kwa kutapika na kuhara huku akiachwa sakafuni kwa sababu "ni teja tu". Miayo, makamasi, machozi, vinyweleo kusimama, mboni kupanuka, tumbo kukata. Mpe maji ya chumvi na sukari, dawa ya kutapika, ya kuhara, ya maumivu. Mjamzito mwenye arosto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani mtoto yuko hatarini.

Kisha muulize kama yuko kwenye methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa kliniki badala ya heroini. Kenya ilianza kuitoa mwishoni mwa 2014, na kliniki ya Malindi ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo kabisa, kwa hiyo swali hili hapa si la hiari. Akisema ndiyo, piga simu kliniki uthibitishe dozi na siku ya mwisho aliyokunywa. Usitegemee kumbukumbu ya mtu aliye katika maumivu. Akiwa amekosa siku tatu au zaidi, usimpe dozi yake kamili ya zamani: mwili umeshaanza kuisahau na inaweza kumzimisha pumzi. Daktari wa kliniki ndiye ataamua aanzie wapi.

Mtu anapochafuka

Umeitwa blokini. Kelele, milango inapigwa, askari wanne wamesimama na rungu. Usikimbie kuingia. Simama, vuta pumzi, uliza mambo matatu: imeanza lini, amekula au kunywa nini, ameanguka au kupigwa?

Omba mtu mmoja tu azungumze, na awe wewe. Maagizo yakitoka kwa watu watano, mgonjwa hasikii hata moja. Waombe wenzake wahamishwe, maana hadhira humfanya mtu ashindwe kushuka bila aibu. Simama hatua mbili kutoka kwake, kwa ubavu kidogo, mikono wazi ikionekana, mlango nyuma yako lakini usiuzibe kwake. Ondoa kitambulisho cha shingoni, kalamu na saa.

Sauti iwe ya chini kuliko yake. "Kaka, mimi ni sista wa zahanati. Nimekuja kukuona, sikuja kukufunga." Kisha nyamaza. Watu wengi hushindwa hapa, wanajaza ukimya kwa maagizo. Ukimya wa nusu dakika unaweza kufanya kazi kuliko sindano. Akisema anasikia sauti, usibishane na usimdanganye: "Mimi siwasikii, lakini naona wewe wanakutisha." Mpe uchaguzi mdogo ulio wa kweli: maji kwanza au kukaa kwanza, kidonge hapa au kule kivulini. Mtu aliyenyang'anywa maamuzi yote hutulia akirudishiwa hata moja.

Utasikia pia kwamba amepandisha, kwamba ni majini. Usiicheke imani hiyo wala usiipinge mbele ya watu. Familia ikitaka asomewe au anywe kombe, na kanuni za gereza zikiruhusu sheikh au kasisi kuingia, sioni ubaya, mradi dawa zisisimamishwe na ujue kila kitu anachopewa kunywa. Nimefanya kazi vizuri na masheikh waliomwambia mgonjwa ameze vidonge kuliko na madaktari waliomfokea.

Akikubali kukaa, pima. Sukari, joto, malaria. Hata kama umemjua mwaka mzima kama mgonjwa wa akili, leo anaweza kuwa na malaria. Mtu mwenye skizofrenia hana kinga ya homa ya uti wa mgongo.

Sindano, na saa moja baada ya sindano

Kidonge hutangulia. Ukilazimika kuchoma kwa sababu kuna hatari ya kweli na maneno yamekwisha, mchanganyiko unaopatikana kwetu na uliofanyiwa utafiti mwingi ni haloperidoli miligramu 5 pamoja na prometazini miligramu 25 hadi 50 kwenye msuli, kwa agizo. Mzee apewe nusu au chini ya hapo. Diazepamu ya msuli hufyonzwa bila mpangilio, inaweza kuchelewa halafu ikaja yote kwa pamoja, basi usiitegemee. Klorpromazini ya sindano hushusha presha ghafla. Aliyelewa au aliyevuta unga muda mfupi uliopita asipewe dawa za jamii ya diazepamu bila daktari kuamua, kwa kuwa pumzi yake tayari iko chini.

Kushika mtu kuna taratibu zake. Asilazwe kifudifudi akakaliwa mgongoni; watu hufa hivyo, kimya, huku wanaowashika wakidhani wametulia. Hakuna goti shingoni, hakuna uzito kifuani. Mtu mmoja ashike kila kiungo karibu na kifundo, mmoja akae kichwani akiangalia uso na pumzi, na huyo wa kichwani ndiye mwenye amri ya kusema "achieni". Ukiwa muuguzi, chukua nafasi hiyo ya kichwani. Ukishachoma, alazwe ubavu. Na anayejifungua hafungwi pingu kamwe, kanuni ya 48 imelisema hilo bila masharti.

Wengi huondoka hapo wakidhani kazi imekwisha, nami nakuomba ubaki. Kila dakika 15 kwa saa ya kwanza: pumzi, mapigo, presha, joto, na kama anaamka ukimwita. Baadaye kila nusu saa mpaka atembee mwenyewe. Pumzi zikishuka chini ya 10 kwa dakika, fungua njia ya hewa, msaidie kupumua, ita gari. Kama kuna shaka ya unga, naloksoni miligramu 0.4, na urudie kila baada ya dakika 2 hadi 3 ikiwa hajaitikia, ukikumbuka kwamba naloksoni huisha mwilini kabla ya heroini au methadoni.

Ndani ya saa chache au siku chache baada ya haloperidoli, hasa kwa vijana wa kiume, shingo inaweza kupinda upande, macho yakageukia juu, ulimi ukatoka nje, mgongo ukajikunja kama upinde. Anaogopa kupindukia na hawezi kusema. Hapa ndipo nimesikia "anajifanya" mara nyingi kuliko pengine popote, na ndipo kauli hiyo ilipo mbali zaidi na ukweli, kwa sababu ni sisi tuliompa. Dawa yake ni prometazini ya sindano au biperideni, na hufunguka ndani ya dakika chache, kisha benzeheksoli ya kumeza kwa siku zinazofuata. Lakini akiwa na homa kali, mwili mgumu kama ubao na fahamu zinazopotea, hiyo ni hali nyingine na ni ya hatari zaidi: simamisha dawa za akili, mpooze mwili, mkimbize hospitali.

Kujiua, na kukataa chakula

Uliza wazi: "Umefikiria kujitoa uhai?" Kuuliza hakumpandii mtu wazo hilo. Kunampa ruhusa ya kusema. Akisema ndiyo, endelea: kwa njia gani, lini, umewahi kujaribu, nini kimekuzuia mpaka leo? Jibu la swali la mwisho, mara nyingi ni jina la mtoto au mama, liandike, kwa maana hapo ndipo pa kushika.

Saa za hatari zinajulikana: usiku wa kwanza, wiki ya kwanza, siku ya hukumu, siku ya habari mbaya kutoka nyumbani, na siku ambayo mgeni aliyeahidi kuja hakuja. Waombe askari wa zamu wakuarifu haya matano. Aliye hatarini asiwekwe peke yake. Seli ya kumtenga yaweza kuonekana salama kwa aliye nje, lakini ndani ni mahali pa kufia. Awe na wenzake wawili watulivu, na askari ampitie bila ratiba inayokaririka. Kanga, mikanda, kamba za viatu ziangaliwe, bila kumvua heshima yake. Mwanamke aliyenyang'anywa kanga bila kupewa kitu kingine cha kujisitiri umemwongezea sababu.

Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Wapo bado wanaoficha majaribio yao kwa kuogopa kesi. Waambie.

Kuhusu chakula, watu wa Malindi hawahitaji kuelezwa sana. Shakahola iko nyuma ya migongo yetu, na kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ya waumini waliofundishwa kufunga kula hadi kufa ilifukuliwa msituni humo. Baadhi ya waliookolewa walikataa kula hata baada ya kuokolewa, na Juni mwaka huo watu 65 kati yao walishtakiwa kwa jaribio la kujiua na kupelekwa gereza la Shimo la Tewa. Kwa hiyo muuguzi wa gereza pwani hii ajue kwa hakika namna ya kumhudumia asiyekula.

Kwanza tafuta sababu. Ni mgomo wa kudai jambo? Ni imani? Ni huzuni kali, au sauti inayomwambia chakula kina sumu? Ni jino? Mwenye akili timamu anayegoma kwa hiari halazimishwi kulishwa. Azimio la Malta la Chama cha Madaktari Duniani, la 1991, limesimama hapo. Kazi yako ni kumwona kila siku faraghani, kumpima uzito, kumshauri anywe maji yenye chumvi na thiamini, na kuhakikisha halazimishwi na wenzake kugoma. Mwenye ugonjwa wa akili unaomnyima uwezo wa kuamua, huyo ni wa hospitali.

Pili, na hili ni la kuua: mtu aliyekaa siku nyingi bila kula asijaziwe sahani. Mwili uliozoea njaa ukipokea wanga mwingi ghafla, fosfeti, potasiamu na magnesiamu hushuka kwenye damu, moyo hupiga ovyo, na mtu hufa akiwa ameshiba. Thiamini itangulie. Kisha uji mwepesi kidogo kidogo, takriban kilokalori 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku mwanzoni, nusu yake kwa aliyedhoofu kabisa, ukiongeza polepole kwa siku 4 hadi 7 huku damu ikipimwa. Hilo halifanyiki zahanati ya gereza. Mpeleke hospitali. Na uwaeleze wafungwa wenzake, kwa upole, wasimkimbilie na ugali kwa huruma.

Dawa za kila siku, joto na Ramadhani

Mpe mgonjwa dawa kwa mkono wako mwenyewe, anywe maji, azungumze neno, ainue ulimi. Benzeheksoli na vidonge vya usingizi vina soko blokini kama bugizi, vidonge vya kulewesha, ilivyo na soko mtaani, na mnyonge ndiye hunyang'anywa. Usimtuhumu mgonjwa mbele za watu. Badili saa au mahali pa kumpa.

Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, seli iliyojaa ni tanuri. Klorpromazini, haloperidoli na benzeheksoli hupunguza uwezo wa mwili kutoa jasho na kujipooza. Mgonjwa anayezitumia akianza kuropoka mchana wa Februari, gusa ngozi yake kwanza. Joto la mwili la 40 au zaidi pamoja na kuchanganyikiwa ni dharura: mvue nguo za juu, mmwagie maji, mpepee, kisha uite gari. Dai ndoo ya maji ya ziada kwa seli zenye wagonjwa hawa, na udai kwa maandishi. Klorpromazini pia huunguza ngozi juani, basi asipangwe kazi ya shamba saa sita mchana.

Aliye kwenye lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, anahitaji uangalizi zaidi. Akikosa maji, dawa hujaa mwilini: mikono inatetemeka sana, anahara, anatapika, anayumba, ulimi unakuwa mzito. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hutolewa kama peremende kwa kila maumivu ya mgongo, huipandisha lithiamu vivyo hivyo. Andika kwa herufi kubwa juu ya faili lake: ASIPEWE DIKLOFENAKI WALA IBUPROFENI. Ramadhani ikikaribia, usingoje mwezi uandame. Kaa na mgonjwa na sheikh wa gereza pamoja. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na wengi huikubali ikitoka kinywani mwa sheikh. Kwa wanaosisitiza kufunga na dawa zao zinaruhusu, daktari azihamishie futari na daku. Mwenye lithiamu akifunga kwa siri, afadhali akwambie kuliko akuogope.

Rufaa

Barua ya rufaa iseme vipimo ulivyochukua, dawa na saa, na hatari unayoiogopa. Kosa lake halihusiki. Malindi una hospitali ya kaunti ndogo karibu. Kitanda cha wagonjwa wa akili kikihitajika, njia ni Mombasa, kama kilomita 120, basi usimtume mtu aliyechomwa sindano dakika kumi zilizopita bila muuguzi garini.

Aliye Hindi ana bahari mbele yake. Hospitali ya King Fahd iko kisiwani, na gari linaishia gatini Mokowe. Hapo nasema kwa uzito wote: mgonjwa asivushwe akiwa amefungwa pingu. Chombo kikiyumba au kikipinduka, mwenye pingu hana njia ya kujiokoa. Avae jaketi la kuokolea, alale ubavu kama ana usingizi wa dawa, askari wakae pande zote mbili. Kubaliana na mkuu wa gereza juu ya hili kabla ya siku yenyewe, kwenye ule mkutano wa wiki ya kwanza.

Kesi ikiwa inaendelea na unaona mgonjwa haelewi kinachosemwa mahakamani, mwarifu daktari na uongozi wa gereza. Kifungu cha 162 cha sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai kinaitaka mahakama ichunguze akili ya mshtakiwa kunapokuwa na shaka, lakini hakimu hawezi kujua asichoambiwa.

Kutoka

Wiki mbili za kwanza baada ya kuachiwa ndizo zenye vifo vingi vya heroini. Mwili umesahau, mtu anarudi maskani na kuchukua kete ile ile ya zamani. Mwambie hivyo hivyo, bila hotuba. Jamaa yake afundishwe dalili: midomo ya samawati, mkoromo mzito, haamki. Kama naloksoni ipo, ajue kuitumia. Wa methadoni apewe miadi ya kesho yake asubuhi, isiwe ya wiki ijayo.

Mfungwa mwenye tarehe ya kutoka inayojulikana huandaliwa mapema: sindano ya mwezi anachomwa kabla hajatoka, vidonge vya wiki mbili mkononi, barua ya kliniki, simu kwa mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chake, na usajili wa bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024.

Mahabusu ndiye tatizo. Huyu huondoka asubuhi kwenda mahakamani, hakimu akamwachia, naye akapanda matatu kwenda Mambrui au Marafa moja kwa moja bila kurudi gerezani. Dawa zake zimebaki kabatini kwako. Kwa hiyo kila jioni chukua orodha ya watakaokwenda kesini kesho yake, utoe majina ya walio kwenye dawa za akili, kifafa, virusi vya UKIMWI, kifua kikuu na methadoni, umwandalie kila mmoja bahasha yenye dawa za siku saba na barua, iliyofungwa na kuandikwa jina. Askari anayewasindikiza aitie sahihi. Mtu akirudi jioni, bahasha inarudi naye. Asiporudi, kesho yake asubuhi unapiga simu ile namba ya jamaa uliyoiandika siku alipoingia.